Hakuna Gari Kituoni

Ndani ya basi dogo la kwenda mji wa Arima, Bi Indroutie, muuza chapati za dengu, aliketi ubavuni mwa polisi mwenye sare. “Afande, jiko langu la gesi limeibwa tangu Jumatatu, na biashara imekufa. Kituoni wananiambia hakuna gari.”

“Hawakudanganyi, mama. Kwani humu nimepanda kwa raha?”

“Mwizi wangu alikuja na gari.”

“Huyo hangoji bajeti.”

Mimi, ninayesomea sheria, niliyeketi nyuma yao, nilitazama dirishani.

“Basi shuka nami hapo mbele, kwangu Tunapuna, uone mlango alivyouvunja.”

“Naenda Arima, mama. Kuna duka lililovunjwa wiki iliyopita, ndiyo kwanza naenda kulikagua.”

Basi liliposimama Tunapuna, Bi Indroutie alishuka, akaushikilia mlango wa basi wazi, akimngoja afande.