Githae wa Busia na Uwanja Usiofagiwa

Wapendwa mliofika hapa Theta, mimi ni Kinuthia, mdogo wake marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha ya kaka yangu, Josphat Githae Gichuru, ambaye wengi wenu mlimwita Githae wa Busia, ingawa Busia hakuwahi kulala zaidi ya usiku mmoja.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika shamba hili hili, mtoto wa pili wa marehemu Gichuru Njau na marehemu Wangui, akasoma hapa Theta hadi darasa la saba mwaka wa 1966, na karo ya sekondari ilipokosekana akaenda kuchuma kahawa Ruiru, ambako alizijua honi za mabasi kabla hajapanda hata moja.

Mwaka wa 1971 aliajiriwa utingo na kampuni ya mabasi ya Mapambazuko, Thika, na tarehe 2 Agosti 1976 akakabidhiwa usukani wa basi la Busia. Vijana huenda wasijue dereva wa basi alikuwa nani siku hizo, kwamba alipokelewa stendi kama bwana harusi, alibeba barua, dawa na vifaranga vya watu, na kwamba aliyetaka kwenda kwao Krismasi alikata tikiti mapema, kisha akamwombea dereva afya.

Tarehe 9 Desemba 1978 alifunga ndoa na Magdalene kanisani Ruiru, wakapanga nyumba Mwiki, baadaye wakajenga Ngoingwa, na Mungu akawajalia Kui, Gichuru na Maggie. Shemeji alikuja na desturi ya kwao, kwamba nyayo za msafiri hazifagiwi mpaka arudi, na kwa kuwa mumewe alikuwa njiani karibu kila siku, uwanja wao ulijaa majani. Jirani yao Apiyo alikuwa akimtania, "Mama Kui, hii uwanja ni ya watu ama ni ya kuku?" naye akijibu, "Ni ya mwenye hajarudi."

Tarehe 17 Aprili 1990 Kui, aliyekuwa mtoto na akitaka kumfurahisha mama yake, alifagia uwanja wote baba akiwa safarini, na siku hiyo basi likakosa breki mteremkoni, likalala ubavu. Hakuna aliyefariki, lakini Githae alirudi na mkono kwenye plasta, akamkuta mtoto amejificha nyuma ya tangi la maji. Kwa kuwa Kui ni Wangui, jina la mama yetu, alimwita "mama" kwa Kikuyu kama alivyomwita siku zote, "Maitu, toka huko. Ni breki, si ufagio." Shemeji hakumkaripia mtoto, wala hakuiacha desturi yake, nami sikumlaumu, kwa maana kila mtu hushika kile ambacho mkono wake unafikia.

Kisha barabara zikapanuka na mabasi yakapungua, magari madogo yakawa yanaondoka punde tu yakijaa, wengine wakanunua ya kwao, na tarehe 30 Juni 2015 Mapambazuko ikafunga milango. Nilitarajia uchungu, lakini kaka aliniambia tu, "Watu hawajaacha kusafiri, Kinuthia, wamechoka kungoja," akaenda kulisha mbuzi.

Figo zilianza kumsumbua mwaka wa 2021, akawa anaenda kusafishwa damu Thika, na hata hapo karibu, akitoka, ufagio ulibaki nyuma ya mlango. Alituaga alfajiri ya tarehe 6 Mei 2025, nyumbani, kitandani kwake, mkewe akiwa kando yake, na sitaficha kwamba pamoja na huzuni tulishusha pumzi, kwa sababu barabara haikumchukua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mwiki na Ngoingwa, na madereva wenzake waliokuja leo wakiwa wamevaa makoti yao ya zamani.

Mtusamehe pia kwa kuchelewa. Asubuhi, gari lililombeba kaka lilipotoka langoni kule Ngoingwa, shemeji alikataa kupanda lake, akachukua ufagio, akafagia uwanja kutoka mlangoni hadi langoni bila haraka, na hakuna aliyemhimiza, hata Apiyo. Alipomaliza aliuegemeza ufagio ukutani, akasema, "Huyu ameshafika."

Pumzika kwa amani, Githae, nyumbani kumefagiwa.