Kidole Kimoja kwa Fundi Faradji

Jumamosi hii, tarehe 28 Juni 1958, Mzee Faradji bin Muhamadi, fundi wa nguo wa hoteli yetu, anastaafu baada ya miaka ishirini na minne ya kushona mashuka, mapazia na sare za wahudumu. Tumemwekea kiti cha mbele. Amesema atakaa, kisha atasimama, kisha huenda akajilaza kidogo, na tusimshangae. Wageni wasiomfahamu tunawaomba wasome maelezo haya kabla ya kumsogelea.

Mzee Faradji alizaliwa hapa hapa Gisenyi, mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa. Alipokuwa na miaka kumi na mitano mwili ulianza kumuuma, na mpaka leo haujaacha. Wala hauumi mahali pamoja: leo bega, kesho nyonga, keshokutwa hata shuka likimgusa ni taabu. Baba yake alimpeleka kwa daktari wa misheni, kwa waganga wa Bugeshi na kwa masheikh. Kila mmoja alimbonyezabonyeza, akamwona mzima, akamrudisha nyumbani akiumwa zaidi kwa kule kubonyezwa. Kijana akachoka kutafuta jina la ugonjwa, akaupa la kwake: Mpangaji. Ukimuuliza hali atakujibu, "Mupangaji leo iko mu goti, lakini mi niko muzuri."

Alipoajiriwa mwaka 1934 aliipanga kazi kwa kufuata mwili. Asubuhi alikaa kwenye cherehani. Akichoka kukaa, alikata vitambaa akiwa wima. Mgongo ukigoma, alijilaza juu ya rundo la mashuka na kushona pindo kwa mkono. Meneja wa siku hizo, Mzungu mwenye haraka zake, alimkuta amelala mara mbili, akampeleka kwa daktari, naye akasema huyu ana afya ya fahali. Basi meneja akaamua kwamba mtu mzima anayelala kazini ni mvivu tu, na akimkuta tena atamfukuza. Faradji alikuwa ndiyo kwanza amemwoa Saidati, mtoto yuko njiani, na maumivu yake hayakuwa na kidonda cha kumwonyesha mtu.

Akamkuta tena. Ilikuwa wiki ya Krismasi, na mapazia mapya ya ukumbi wa chakula yalikuwa yakingojwa. Meneja alifungua mlango, akamwona chali, akafoka kwamba amfuate mara moja. Faradji akainuka kwa heshima zote, akamfuata hadi katikati ya wageni, bila kujua kwamba alikuwa amejishona. Kanzu yake ilikuwa imeungana na pazia, na pazia zima likaja nyuma yake likiburuta, likapita chini ya meza, likaondoka na viti viwili na kofia ya bibi mmoja. Meneja alikuwa ameshafungua mdomo wa kumfukuza. Akaliokota pazia, akautazama mshono: umenyooka mwanzo hadi mwisho, pamoja na kile kipande cha kanzu. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo rundo la mashuka likaitwa ofisi ya fundi, na kila aliyeingia alibisha hodi.

Vita kubwa zaidi ilikuwa ya salamu, maana sisi watu wa huku tunakumbatiana hata na tuliyeagana naye asubuhi. Mama Languida Mukankusi wa Kanzenze, mkuu wa udobi, ana mikono iliyokamua mashuka ya hoteli nzima. Siku ya kwanza alimkumbatia fundi mpya kwa upendo wote, na fundi akalala kitandani siku mbili. Aliporudi akawa anamkwepa, pengine kwa kupitia dirishani. Languida akaona amedharauliwa, na kwa mwezi mzima kanzu za Faradji zikatoka udobi zimekunjamana. Hatimaye Faradji akamweleza ukweli, akamnyooshea kidole: "Mama Languida, gusa hapa tu. Salamu yote iko ndani." Languida akagusa, akalia, kisha akazipiga pasi kanzu zote.

Hoteli nzima ikafuata salamu hiyo. Wageni wakaamini ni desturi ya kale ya Gisenyi, wakaenda nayo kwao Ulaya, nasi hatukuwasahihisha.

Msidhani maisha yake yalikuwa ya kitandani. Amelea watoto sita. Kwenye harusi hucheza wimbo wa kwanza kwa nguvu zake zote, halafu hutafuta mkeka. Jumapili hujiloweka kwenye maji ya moto ya Nyamyumba na kubishana na wavuvi mpaka jua linazama. Tunampenda sana, na cherehani ile itatuumiza moyo kila tukiiona imenyamaza.

Kwa hiyo, kwenye sherehe hakuna kumkumbatia mstaafu. Kila mtu atoe kidole kimoja. Waliozidiwa na furaha wakakumbatiane wenyewe bustanini. Mama Languida atasimama mlangoni kuisimamia amri hii, na mikono yake mmeshasimuliwa.

Ruhusa ni moja tu, na ameiomba mstaafu mwenyewe. Mwisho wa sherehe Mama Languida atamkumbatia, kwa nguvu zile zile za siku ya kwanza. Tulimkumbusha habari ya kulala siku mbili. Akasema, "Bon, kesho mi sina kazi. Mupangaji alalamike tu." Saidati ameshaandaa kitanda.

Asante, Mzee Faradji. Tunakuombea miaka mingi, mashuka laini, na uchovu wa kukumbatiwa mara moja tu.

Phocas Hitimana, mapokezi, kwa niaba ya wafanyakazi wote