Vidonge vya Jirani

Kwenye kiti cha mbele yangu basini walikaa bibi mmoja na mjukuu wake, fundi wa kuchomelea, mikono imejaa alama za cheche. Bibi alifungua kitambaa chenye vidonge vyeupe. "Ni vya presha kama vyangu, na jirani anavipata kwa nusu bei. Kesho naanza."

"Bibi, presha ya jirani si yako. Tumuulize mfamasia kwanza."

"Yule mtoto wa juzi?"

"Huyohuyo ndiye aliyesomea dawa. Huenda anayo ya bei nafuu inayokufaa wewe na figo zako. Ukijibadilishia mwenyewe, utakuja kuanguka jikoni nami niko kazini."

Bibi akakifunga kitambaa. Nikadhani ameshindwa, kumbe alikuwa anavuta pumzi. "Na wewe je? Wiki ya tatu hii unakwenda kazini kwa miguu. Unadhani sioni soli za viatu vyako? Nauli yako ndiyo ninayoimeza kila asubuhi."

Kijana aligeukia dirisha. Mimi nami niligeukia langu, kwa adabu, ingawa masikio niliyaacha palepale.

"Napenda kutembea," alisema mwishowe.

"Mwongo kama babu yako!" Akampangusa masizi shingoni.

Basi likasimama jirani na duka la dawa. Kijana akainuka, akamsaidia kusimama.

"Haya, nitamuuliza. Lakini akinitajia bei kubwa, nameza hivihivi."

"Humezi."

"Nameza!"

Waliteremka wakibishana, bibi ameukumbatia mkono wa mjukuu wake kwa mikono yake yote miwili.