Mtunza Moto Aliyeambiwa Aende Nyumbani

Mliokishika kijitabu hiki mnapaswa kujua kwamba huu si wasifu wa kwanza wa marehemu. Wa kwanza uliandikwa na kaka yake mkubwa, kwa mwandiko wa kupendeza, ukasomwa sebuleni siku ya Alhamisi, watu wamejaa mpaka kwenye mikono ya makochi. Ulisema marehemu "aliiacha familia yake kila siku kwa uchungu mkubwa, kwa kuwa moto haukuwa na mwingine wa kuutunza." Mjane alisikiliza mpaka hapo, akaweka kikombe chini.

"Shemeji, hiyo sentensi ikisomwa mbele ya watu, mimi makaburini siendi. Mtanikuta jikoni naosha vyombo."

"Shemeji, mtu kafa jamani. Mambo ya ndani tuyaache ndani."

"Mimi ndiye niliyekuwa ndani. Yeye alikuwa nje."

Kaka mtu akakunja karatasi yake. Kalamu akapewa binti mkubwa, na mama yake akakaa ubavuni kama askari wa barabarani anayekagua leseni. Kila mstari mtakaousikia umepita mbele ya macho yake. Kama leo mnamwona amesimama hapa, basi mjue ameusoma wote na amekubali kutoka jikoni.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa nne kati ya tisa. Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma na mama yake alishona sare za shule palepale nyumbani, kwa hiyo mchana kulikuwa na kelele za cherehani na jioni kulikuwa na baba. Kaka yake anakumbuka kwamba mtoto huyu akipotea alitafutwa mahali pamoja tu: uvunguni mwa kitanda. Alikutwa amekaa, hana hili wala lile. Akiulizwa anafanya nini humo, anajibu, "Nipo." Wazazi walisema mtoto ni mpole, wakashukuru, maana wale wanane wengine walikuwa balaa.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1958, kisha akajiunga na shule ya ufundi mwaka 1967, alikojifunza mambo ya mabomba, valvu na mvuke. Alama zake zilikuwa za katikati, na hatutazitia chumvi leo eti kwa sababu mwenyewe hawezi kuamka kutukanusha. Mwalimu wake wa ufundi alimwandikia kwenye cheti: "Mtulivu. Hana usumbufu." Mjane aliposomewa hapo alicheka kwa pua, akasema iachwe hivyohivyo.

Tarehe 3 Aprili 1972 aliajiriwa na kiwanda cha kufulia nguo, kile kilichokuwa kikipokea mashuka ya mahoteli na hospitali kwa malori. Kazi yake ilikuwa kwenye nyumba ya boila, na wasiojua boila wavumilie kidogo, kwa sababu ndoa nzima ilipitia humo. Moto wa boila unapumua kupitia dohani. Kwenye koo la dohani pamewekwa kibao cha chuma. Kibao kikifunguliwa sana, hewa inavutwa kwa fujo, moto unabugia kuni kama mgeni asiyechangia harusi, na joto lote linakwenda kuwapasha ndege. Kikifungwa sana, moto unakosa pumzi, moshi unarudi chumbani na mvuke unazimia. Wachochezi walitupia kuni. Marehemu alisimama na mnyororo mkononi, jicho kwenye saa ya kupimia mvuke, akivuta kidogo, akilegeza kidogo, kutwa nzima. Aliifanya kazi hiyo kwa jasho la kweli, na kwa miaka hiyo ya mwanzo hakuna wa kumnyooshea kidole.

Ndiko alikompata mke. Mwaka 1975 mjane alikuwa msichana wa chumba cha kupigia pasi, na pasi za mvuke za upande wake zilikuwa baridi kama salamu za mdeni. Siku moja akavua aproni, akavuka ua, akaingia nyumba ya boila bila hodi.

"Nani mwenye mvuke hapa?"

"Mimi, dada."

"Basi mwenye mvuke, njoo ukae na yale mashuka uyapashe kwa pumzi yako, maana hicho unachotuletea ni umande!"

Marehemu aligeukia dohani. Alivuta mnyororo. Tangu siku hiyo pasi za chumba kile zilichemka mpaka wasichana wenzake wakawa wanamtania kwamba anatongozwa kwa bomba. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 18 Septemba 1976. Walijaliwa watoto watatu, na alipozaliwa wa kwanza, mama aliacha kazi kiwandani. Aliondoka akiwa ameuona ule mnyororo kwa macho yake, ameiona ile mikono ilivyochubuka. Hilo mlishike, kwa sababu ndilo lililomfanya aamini yote yaliyofuata.

Mwezi Februari 1984 kiwanda kilifunga mtambo wa kuongoza mvuto wa hewa bila mkono wa mtu. Ni kitu cha kawaida, hakina maringo: kuna ngozi nene ya mpira ndani ya kikombe cha chuma, mvuke unaisukuma, ngozi inasukuma mkono wa chuma, na mkono unakishusha au kukiinua kile kibao cha dohani. Mvuke ukizidi, kibao kinashuka. Ukipungua, kinapanda. Hauombi chai, hauendi msalani, hauna mke. Mnyororo ulifunguliwa ukapelekwa stoo. Meneja akamwita marehemu, akampa mkono, akamwambia kwamba kazi yake anabaki nayo, awe anaukagua mtambo asubuhi, na saa tisa alasiri aende zake nyumbani. Jumapili apumzike. Likizo achukue.

Marehemu alimshukuru meneja, akatafuta kiti.

Nyumbani hakusema neno. Aliendelea kutoka alfajiri na kurudi watu wameshakula. "Leo mvuto umenikorofisha," alikuwa akisema, akijitupa kwenye kochi. Akiombwa abaki Jumapili, alijibu, "Moto hauijui Jumapili, mama watoto." Mjane alikuwa akiwafukuza watoto sebuleni: "Tokeni, nendeni mkacheze nyuma, baba kachoka!" Upepo ulipovuma alimhurumia kuliko siku zote, kwa kuwa alijua upepo unavyoisumbua dohani, na alikuwa akisimama dirishani kumwombea mtu aliyekuwa amekaa kwenye kiti chenye mto. Mto wenyewe ulikuwa wa sebuleni kwake. Marehemu aliwahi kusema umeibwa kwenye kamba ya nguo, na jirani mmoja akanuniwa bure mpaka akahama.

Mwaka 1986, mtoto wa mwisho alipozaliwa, baba alikuwa kwenye moto. Mwaka 1991, mjane alipomzika baba yake mzazi, mumewe alikuwa kwenye moto. Mwaka 2004, binti mkubwa alipoolewa, alitembezwa ukumbini na baba yake mkubwa, huku mama mtu akiwaeleza wakwe, kwa fahari kabisa, kwamba mume wake ni mtu wa kazi ya hatari, akiiachia boila inaweza kulipuka na mtaa mzima. Wakwe wakatikisa vichwa kwa heshima. Kulikuwa na sahani ya baba iliyofunikwa, ikarudi nyumbani vilevile.

Alistaafu Juni 2011, lakini aliendelea kwenda "kuwaelekeza wapya." Januari 2013 miguu ilianza kuvimba, na madaktari wakasema moyo umechoka, hausukumi damu inavyopaswa. Alilazwa, akaruhusiwa, akawekewa kitanda chumba cha mbele. Ndipo fundi wa ile mitambo alipokuja kumwona, yule mwenye kupita kiwandani kila mwaka kubadilisha ngozi ya mpira. Mtu mwema, aliyekuja na machungwa, asiyejua kwamba amebeba kiberiti.

"Mpangaji!" akaita kutoka mlangoni. "Mzee Mpangaji, unaumwa kweli wewe?"

Mjane akacheka. "Huyo Mpangaji ndiye nani tena?"

"Si huyu mzee wako, mama! Kule kote anajulikana kwa jina hilo. Tangu tulipofunga ule mtambo tunamwambia, mzee, mashine inajiongoza, nenda nyumbani kwa mkeo. Wapi! Kahamia. Kiti chake, mto wake, kikombe chake. Tukamwambia bado kodi tu!"

"Mtambo gani?"

Fundi akaeleza. Alieleza vizuri, kwa kuwa anaipenda kazi yake, akaonyesha kwa mikono jinsi kibao kinavyopanda na kushuka. Kufika kwenye mwaka akasema themanini na nne. Mjane alikuwa akimenya chungwa. Alilimenya mpaka likaisha, akaanza kumenya nyama yake.

"Na masizi?" akauliza. "Alikuwa anarudi na masizi mpaka viwikoni."

Fundi akamtazama mgonjwa, mgonjwa akatazama ukuta. Hapo fundi akagundua amekanyaga pabaya, lakini tayari mguu ulikuwa umezama. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mzee alikuwa na kawaida, kabla ya kutoka, ya kupitisha mikono kwenye mlango wa tanuri na kujipangusa kifuani. Wachochezi walidhani ni utani wake.

Mashati yale yalifuliwa kwa mikono. Kiwanda kilikuwa na mashine za kufulia hospitali nzima, na mashati ya marehemu yalifuliwa uani kwenye beseni, kwa sabuni ya kipande na brashi, na mwanamke aliyekuwa akisema moyoni kwamba huu ndio mchango wake.

Fundi alipoaga, mjane alivuta kigoda karibu na kitanda.

"Alikuwa nani?"

"Nani?"

"Mwanamke."

"Hakukuwa na mwanamke."

"Pombe? Kamari?"

"Hapana."

"Sasa ulikuwa unafanya nini kule, baba watoto, miaka yote hiyo?"

"Nilikuwa nakaa."

"Unakaa."

"Palikuwa na utulivu."

"Utulivu? Kwenye boila? Mahali watu wanaongea kwa ishara kwa ajili ya kelele?"

"Ule moto unanguruma, lakini hauniulizi kitu."

Mjane akasema neno ambalo baadhi ya wanafamilia walitaka lisiandikwe, na yeye akasema liandikwe kwa wino mzito: "Bora ungekuwa na mwanamke. Ningejua pa kwenda kupiga kelele. Sasa mimi nikamtukane nani, kiti?"

Akamuuliza kama kuna mtu mwingine aliyejua. Marehemu alifumba macho. Akasema kaka yake alikuwa akipita mara mojamoja, na alimwekea kiti cha pili.

Sasa mnaelewa kwa nini ile sentensi ya Alhamisi, ya uchungu mkubwa na moto usio na mwingine, ilimfanya mjane aweke kikombe chini.

Hakumwacha. Wanaotaka kusikia kwamba alimsamehe watafute wasifu mwingine, lakini hakumwacha. Alimlisha, alimgeuza, alimwosha, na kila siku alimuuliza maswali. Alianzia mwaka 1984 akawa anasonga mbele mwaka kwa mwaka. Siku mtoto anazaliwa, ulikuwa unawaza nini? Siku namzika baba, ulikula nini? Marehemu, ambaye maisha yake yote aliyakimbia maswali, alilala pale hana pa kujificha, na mengine aliyajibu. Siku moja mjane alimuuliza, "Hata kunikumbuka ulinikumbuka?"

"Kila siku nilikuwa nakuwaza."

"Ukiwa umekaa."

"Ndiyo. Nikiwa nimekaa."

Marehemu alifariki Jumatano, tarehe 21 Agosti 2013, asubuhi, nyumbani, wakati mjane akimfungulia dirisha. Mjane alikuwa katikati ya swali. Alipogeuka kungoja jibu, mwenyewe ameshaondoka, na mjane amesema wazi kwamba hilo nalo amelihesabu kama kawaida yake. Amevikwa shati jeupe jipya. Mjane hakukubali alilofua yeye livaliwe tena.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, kaka mmoja na dada wawili. Ameacha pia wafanyakazi wenzake wa kiwandani, ambao kwa kweli wamekaa naye kuliko sisi, na tunawapa pole kama wafiwa wenzetu. Kwenye nakala ya kwanza paliandikwa "mjane mpendwa." Neno la pili lilikatwa, binti akalirudisha, likakatwa tena. Aliyelikata anajua alichotendewa, tukaliacha limekatwa. Kaka yake marehemu ameusoma wasifu huu jana. Akavua miwani, akasema, "Usomeni. Na kile kiti cha pili kisitolewe humu." Hakikutolewa.

Imebaki ile sala ya mwisho, ya kumtakia marehemu mapumziko. Hapo kalamu ilikwama, kwa sababu mjane alitutazama mmoja mmoja. "Mumwombee apumzike? Yule? Kuna kazi gani nyingine aliyowahi kuifanya tangu themanini na nne?" Akaichukua kalamu mwenyewe, akaandika kwa mkono wake, na ndiyo tunayoisoma sasa, naye amesimama:

Mungu ampokee. Ampeleke mahali penye watu wengi, wenye maswali mengi, na ampe la kufanya. Akikaribishwa kiti, akatae.