Mama Nani-wa-Nani Anaaga Dawati la Koo

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika ofisi yetu ya kumbukumbu, mwenzetu tunayemwita Mama Nani-wa-Nani atarudisha funguo, atachukua mwavuli wake unaoishi nyuma ya mlango tangu enzi za mkurugenzi aliyepita, kisha atastaafu rasmi. Nimeombwa kuandika wasifu wake kwa kuwa meza yangu inapakana na yake. Nadhani pia ni kwa kuwa hakuna mwingine aliyethubutu, maana yeye ndiye huyasahihisha matoleo yote ya jarida hili kabla hayajaenda kuchapwa. Toleo hili tumemnyima. Makosa utakayoyakuta humu, ndugu msomaji, yafurahie.

Alianzia masijala, kile chumba cha chini kisicho na dirisha, akipanga majalada na kugombana na panya. Wakati huo watu wanaoishi mbali walikuwa wakituandikia kuulizia babu na bibi zao waliowahi kuishi hapa, na barua zao zilitupwa kwenye kikapu kilichoandikwa "Zitajibiwa". Siku moja akakibeba kikapu chote mpaka kwa mkurugenzi wa wakati ule, akakitua juu ya gazeti alilokuwa akilisoma, akauliza kwa adabu zote: "Zitajibiwa na nani, mzee?" Mkurugenzi akafanya kama wafanyavyo wakuu wote wakibanwa. Akaunda dawati jipya, akamkabidhi yeye.

Kibao cha mlangoni kikaandikwa DAWATI LA KOO, kwa maana ya zile koo za watu, za akina fulani bin fulani. Wiki ya kwanza akaja bwana mmoja amejifunga shali shingoni, akafungua kinywa na kuonyesha kwa kidole kule ndani. Wakafuata wengine. Mama hakumfukuza mtu. Aliwapa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akawaelekeza hospitali, na kwa kuwa walikuwa wamekwisha kaa, akawauliza na majina ya babu zao. Wateja wake wawili wa mwanzo aliwapata hivyo. Kibao hakijabadilishwa hadi leo, kwa sababu fundi rangi naye anasema zitajibiwa.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Mtu yuko ng'ambo, hawezi kuja, anachojua ni jina la mtaa na kwamba babu alikuwa na kovu. Ofisi haina mtu wa kumtuma mitaani. Kwa hiyo ilimbidi Mama atafute mwenyeji wa kumfanyia mteja kazi ya miguu, ama kwa malipo, ama kwa kujitolea. Amewatumia wa aina zote mbili na maoni yake hayajabadilika: wa malipo humaliza haraka hata kama hajapata, na wa kujitolea hupata ila hamalizi.

Wa malipo wa kwanza tulimwita Bwana Hakika, kwa sababu kila ripoti yake iliishia kwa neno hilo. Alikuwa mwepesi, mtanashati, na hakuwahi kurudi mikono mitupu. Hapo ndipo tulipopaswa kushtuka. Kumbe akimkosa babu wa mteja, alikuwa anampatia babu mwingine, tena mwenye hadhi zaidi. Familia mbili za ng'ambo zisizojuana kabisa ziligawiwa babu mmoja, mfanyabiashara wa vitambaa mwenye ndevu za kupendeza. Zikakutana, zikalia, zikaanza kualikana harusi. Mama alipougundua mchezo aliziandikia zote mbili, akaomba radhi na kueleza kwamba hazina undugu wowote. Zikajibu kwa barua moja iliyotiwa saini na pande zote, kwamba taarifa imechelewa, na kwamba mwezi ujao kuna mtoto anapewa jina la huyo babu.

Tangu hapo kila aliyeomba kazi alipewa kwanza mtihani ambao jibu lake Mama analijua: alitumwa akachunguze bibi yake Mama, mzaa baba, alikuwa nani. Ukileta habari za mwanamke aliyekuwa akifua nguo za watu, kazi ni yako. Ukileta binti wa mfalme, unapewa soda na kusindikizwa mlangoni. Soda nyingi zimenywewa katika ofisi hii.

Kwa upande wa kujitolea, kulikuwa na mwalimu mstaafu wa jiografia aliyetumwa kutafuta kaburi la babu wa mtu, akarudi na maelezo mazuri sana ya udongo. Kulikuwa pia na Kinyozi, ambaye bado tunaye. Huyu hana mfano. Mtu akishakaa kwenye kiti chake, wembe ukiwa shingoni, humweleza ukoo wote bila kuombwa. Tatizo lake ni kwamba naye hana kifuniko mdomoni. Mteja mmoja alipata habari za babu yake kuwa na mke wa pili siku tatu baada ya wateja wote wa kinyozi.

Jina la Mama Nani-wa-Nani lilitokana na barua alizokuwa akizirudisha. Ukiandika unamtafuta mjomba, anakuuliza ni mjomba ndugu ya mama yako, au ni mjomba kwa sababu alikuwa jirani na alikununulia viatu. Ukiandika mama mdogo, anataka kujua ni mdogo wa mama yako au ni mke mdogo wa baba yako, kwa kuwa hao ni watu wawili na mara nyingi hawasalimiani. Neno "ndugu" ndilo lililomkera kuliko yote. Alisema ni gunia, kila mtu anatia humo anachotaka. Chini ya kila barua aliandika kwa kalamu nyekundu: "Nani wa nani?" Wapo waliokasirika, lakini walijibu, na waliojibu walipata watu wao.

Sasa nieleze la mwaka huu, ambalo ndilo lililonifanya nikubali kuandika.

Ilimjia barua ya mzee mmoja, fundi saa aliyekwisha kustaafu huko ng'ambo. Wazazi wake walihama hapa mjini akiwa mtoto wa kuanza shule, wakamchukua yeye na kaka zake wanne. Wazazi wamefariki, kaka wote wamefariki, na sasa anamtafuta Dada. Aliandika kwamba Dada ndiye aliyemlea, alibaki hapa wao walipoondoka, na kama yu hai basi ndiye mtu pekee duniani aliyemjua akiwa mtoto. Alitamani kuisikia sauti yake walau mara moja. Alitaja mtaa, akataja jina la baba na la mama. Dada hakumtaja jina. Alimwita Dada tu, kwa herufi kubwa.

Na hapa, wapendwa, mwanamke aliyekuwa akirudisha barua kwa ajili ya mjomba akaliacha neno dada lipite bila kalamu nyekundu. Ni nani angeuliza? Dada ni dada.

Mtafiti wa malipo, mama makini aliyefaulu mtihani wa mfua nguo mara moja, alipekua kumbukumbu zote za vizazi. Akakuta wavulana watano. Kinyozi akauliza mtaani, wazee wakacheka: "Ile nyumba? Wavulana watupu, kama timu ya mpira." Mama akamwandikia fundi saa kwa lugha ya upole kwamba, kwa mujibu wa kumbukumbu zilizopo, wazazi wake hawakuwahi kupata mtoto wa kike.

Jibu lilikuja fupi. Aliuliza: basi aliyekuwa akinibeba mgongoni ni nani? Chini yake aliongeza kwamba labda uzee umemtungia dada, kwamba anaomba radhi kwa usumbufu, na kwamba jalada lake lifungwe.

Mama hakulifunga. Mchana ule hakwenda kula. Alikaa ameshika tama, mwishowe akaniambia: "Nimemnyang'anya mtu dada yake kwa barua ya ofisi." Sijamwona ameumia vile, hata siku panya walipokula herufi M yote.

Wokovu uliletwa na mwanangu wa pili, ambaye mpaka leo hajui. Alinipigia simu kazini kushtaki kwamba Dada amezima televisheni. Nikamwambia amsikilize Dada, nikakata. Mama alikuwa ananitazama, kikombe cha chai kimemganda mkononi.

"Dada yupi?" akauliza. "Si una wavulana watupu wewe?"

"Dada wa nyumbani," nikamjibu. "Dada wa kazi."

Chai yote ilinimwagikia mimi. Yeye alikuwa amekwisha simama, anajipiga paji la uso na kusema "Jamani, jamani, jamani," huku akitafuta kalamu iliyokuwa sikioni mwake. Akamwandikia fundi saa siku ileile: Dada alikuwa mtoto wa wazazi wako, au aliajiriwa? Mzee akajibu kwamba hajui. Katika umri ule hakujua ni nani ndani ya nyumba analipwa mshahara. Alichojua ni nani aliyekuwa akiamka yeye akikohoa.

Ikawa kazi mpya kabisa. Dada wa kazi hawaachi karatasi, na mtafiti wa malipo alisema waziwazi kwamba hana pa kuanzia. Kinyozi naye alikwama, kwa kuwa kina dada hawanyoi kwake. Mama akavuka barabara mpaka kwa muuza mitumba aliyeko mbele ya ofisi yetu, ambaye katika usichana wake alifanya kazi za nyumbani mtaa uleule. Akamweleza, akamwahidi malipo. Yule mama akaendelea kukunja mashati. "Mimi nimelea watatu," alisema, "na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniulizia. Huyu anayetafuta nitamsaidia bure, ili nijue kwamba wapo."

Akauliza kwa wenzake wa zamani, huyu akamwelekeza kwa yule, mpaka akampata. Dada yu hai. Ni bibi mwenye wajukuu, anaishi na binti yake mji mwingine, na masikio yake ni mazima kuliko yangu. Mama alipompigia na kujitambulisha kwamba anatoka ofisi ya kumbukumbu, bibi yule akakiri kila kitu papo hapo. Ni kweli, bakuli la kioo la mama mwenye nyumba alilivunja yeye. "Lakini lilikuwa na ufa tangu zamani," alijitetea, "mimi nililimalizia tu." Miaka yote hiyo alikuwa akiamini iko siku serikali itamfuata kwa ajili ya lile bakuli. Ilichukua muda mrefu kumshawishi kwamba hatutaki bakuli, na muda mrefu zaidi kumshawishi kwamba mtoto wa nyumba ile anataka tu kumsikia.

Siku ya simu, chumba chetu kilijaa. Kila mtu alipata sababu ya kuwepo. Mhasibu mkuu alikuja ameshika jalada tupu. Mlinzi aliacha geti wazi. Mama akaweka sauti ya simu juu, akawaunganisha, akakaa ameshikilia ukingo wa meza. Upande mmoja fundi saa alikuwa anapumua tu. Tukasubiri. Mama alinitazama, na nikaona anaogopa kwamba tumechelewa, au kwamba tumemletea mtu siye.

Ndipo ikasikika sauti ya Dada, sauti ya mtu ambaye hajavuliwa madaraka hata kidogo:

"Wewe! Bado unanyonya kidole?"

Halafu yule mzee wa watu, mwenye wajukuu na miwani ya kutengenezea saa, akajibu kwa sauti ndogo sana:

"Nimeacha, Dada. Nilipooa."

Tulicheka mpaka tukalia, au tulianza na kulia, sikumbuki. Mhasibu mkuu alijifunika uso kwa jalada lake. Wao wawili hawakutujali hata kidogo. Waliendelea kuongea, Dada akitaka kujua amekula nini leo na kwa nini anakohoa vile, mpaka Mama akatuashiria wote tutoke, naye akatoka, akaufunga mlango nyuma yetu.

Kesho yake alipita meza kwa meza na swali moja: dada wa nyumbani kwako anaitwa nani, jina lake kamili? Ghorofa nzima tukainamia majalada yetu. Mkurugenzi wetu, anayeweza kukutajia ukoo wake vizazi saba bila kupumua, alicheka, akasema hilo ni swali dogo, akapiga simu nyumbani amwulize mkewe. Mkewe hakuwepo. Aliyepokea ni Dada mwenyewe, ikabidi amwulize yeye. Tulimwona mkurugenzi anaandika jina lile polepole, kisha anamwomba alitaje tena, ahakikishe amelipata sawasawa.

Mama, kwa niaba ya wote uliowasumbua kwa kalamu nyekundu, asante. Asante kwa kazi, kwa ukali, na kwa kila mtu uliyemrudisha kwa watu wake. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana usiokatizwa, na hodi zisizokoma mlangoni pako. Maisha yako yote umewatafuta watu wa wengine. Sasa kaa utulie nyumbani, ni zamu yetu kukutafuta wewe.