Fundi Taratibu na Upasuaji wa Figo Bila Mofini

Ndugu yetu, aliyejulikana karakanani kwa jina la Fundi Taratibu, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1962, nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa wa nne kati ya watoto sita. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1976, kisha akajifunza kutengeneza cherehani. Mteja aliyemharakisha alijibiwa, "Mama, ukiikimbiza itakushona kidole."

Tarehe 2 Agosti 1986 alifunga ndoa na mshonaji aliyemletea cherehani ileile mara nne, ilhali ilikuwa nzima.

Mwaka 2009 alivunjika mfupa wa paja. Mofini iliyomtuliza maumivu hospitalini ikamteka. Kwa miaka miwili aliitafuta kwa njia zilizomtia aibu, na aliagiza jambo hilo lisifichwe leo. Aliiacha tarehe 17 Juni 2011. Mkewe alimwambia, "Baba Watoto, ukiirudia sitakuwa na nguvu ya kukuokota tena."

Hivyo, jiwe la figo lilipogunduliwa Januari 2024, hakuogopa kisu. Aliogopa sindano ya baada ya kisu. Daktari wa usingizi alimsikiliza hadi mwisho, akaahidi kumlaza kwa dawa nyingine, kumchoma ganzi mgongoni upande wa figo, na kumpa dawa za kawaida za maumivu kwa saa maalumu, bila kungoja maumivu yapande. Hata hivyo Fundi aliandika mkononi kwa kalamu: SIPEWI MOFINI.

Alipasuliwa tarehe 12 Februari. Jioni, zamu zilipobadilika, muuguzi alikuja na sindano waliyozoea kumdunga kila aliyetolewa jiwe. Mkewe alisimama mbele ya kitanda.

"Dada, msome kwanza."

Muuguzi aliusoma mkono, akashtuka. "Nisamehe, mzee. Inauma?"

"Inauma, mwanangu. Ila naiweza."

Alirudi nyumbani siku ya tatu. Tarehe 3 Machi homa ilimrudisha wodini. Maambukizi ya figo yalikuwa yameingia kwenye damu. Mkewe hakusinzia, akiuliza jina la kila dawa. Mgonjwa, fahamu zikipungua, alirudia, "Hawajanipa?"

"Hawajakupa, Baba Watoto."

Alifariki tarehe 5 Machi 2024, saa nne asubuhi. Bado na hofu, mkewe aliomba jalada lisomwe ukurasa kwa ukurasa. Mofini haikuwamo. Hapo ndipo alipolia.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada wawili na kaka mmoja.

Alale salama, pasipo maumivu.