Misa ya Wangwe na Dume wa Mnadani

METHOD: Haloo? Misheni hapa. Ni nani?

TOMASO: Kabla ya jina, Mwalimu Method, ujue leo nasema kweli tupu. Nikitia chumvi hata chembe, radi inipige hapa hapa posta ya Tarime!

METHOD: Mzee Tomaso. Shikamoo.

TOMASO: Marahaba. Umenijua kwa sauti?

METHOD: Kwa kiapo.

TOMASO: Mdogo wangu Wangwe ametutoka. Jana asubuhi.

METHOD: Pole sana, mzee. Habari tume—

TOMASO: Ngoja, simu hii haina subira. Nimekuja na lori la pamba kutafuta mbao za jeneza. Huko Kerende wazee wa ukoo wanasema hakubatizwa, padri hatamsomea Misa, basi tumfukie tu kimyakimya. Mwalimu, wewe ndiye ulikuwa unamfundisha katekisimu! Alibakiza Pasaka tu abatizwe.

METHOD: Najua, mzee. Na—

TOMASO: Sasa wanyamaze. Nilimbatiza mimi.

METHOD: Wewe?

TOMASO: Mtu akiwa anakufa, Mkristo yeyote anaruhusiwa. Si ulitufundisha mwenyewe? Andika Desderius. Ndilo jina alilochagua.

METHOD: Kwani ulikuwepo?

TOMASO: Nilikuwa mnadani Gorong'a, nimenunua dume. Dume, Mwalimu! Nundu inagusa paa la shule! Nikaletewa habari Wangwe amezidiwa. Nikampanda dume mgongoni, huyooo! Mto tukauruka, kwato hazikulowa. Nikamkuta Wangwe bado anapumua, nikashika kibuyu cha maji—

METHOD: Mzee.

TOMASO: —nikammwagia kichwani, kwa jina la Baba na la Mwana, na njiwa mweupe akatua—

METHOD: Mzee Tomaso. Nyangi yuko hapa.

(Simu inakoroma.)

TOMASO: Nyangi yupi?

METHOD: Mke wa marehemu, mzee. Amefika asubuhi kwa miguu. Na unavyopiga kelele, hata padri anakusikia kutoka sebuleni.

NYANGI: Lete hiyo simu... Shemeji.

TOMASO: Nyangi. Pole, mama.

NYANGI: Ulifika tumeshamwosha.

TOMASO: Yule mnyama hakutaka kutembea. Nilimvuta, nikamsukuma, akalala chini. Ningemwacha njiani. Ningemwacha tu, Nyangi—

OPERETA: Tarime, muda wenu unakaribia kwisha.

TOMASO: Dada, tafadhali! Mwalimu, uongo ni wangu, msimhesabie yeye. Mwambie padri—

METHOD: Misa ipo, mzee.

TOMASO: Eti?

METHOD: Ilikuwepo hata kabla hujapiga. Nilitaka kukuambia ukapanda dume. Padri anasema anayekufa akingoja ubatizo ni mtoto wa Kanisa, Misa ya wafu ni haki yake. Kesho, mahameni kwenu, langoni pa zizi la zamani. Mwenyekiti wa kijiji amekubali marehemu arudishwe kuzikwa kule mlikohamishwa.

TOMASO: Bila maji yangu?

METHOD: Na bila njiwa.

(Waya zinavuma.)

TOMASO: Nyangi... aliniulizia?

NYANGI: Aliuliza. Akauliza tena. Nikamwambia uko langoni, nakusikia unapiga mluzi.

TOMASO: Ukamdanganya.

NYANGI: Nikamdanganya. Akasema, "Basi mwekee uji." Akageukia ukutani.

TOMASO: (anakohoa, anakohoa tena)

METHOD: Mzee, upo?

TOMASO: Nipo.

METHOD: Watu watakuwa wengi kesho, na mwanaume hazikwi bila kuchinjwa kitu. Padri anacheka huku anafuta macho. Anasema mwenye dume la kuruka mito ndiye alitoe.

TOMASO: Nitamtoa.

NYANGI: Shemeji, nundu inagusa paa kweli?

TOMASO: Ni... Ni ndama, Nyangi. Mbavu nje.

NYANGI: Mlete huyo huyo. Ila safari hii uwahi.

TOMASO: Naondoka sasa hivi, na mbao kichwani, naapa kwa—

NYANGI: Usiape. Njoo tu.

OPERETA: Tarime, nakata.

TOMASO: Nyangi! Ule uji, Nyangi, uliniweke—